Muulize Fundi: Wanasesere Waliopasuka, Waliokatika na Wanaonata

Barua zote za toleo hili zinahusu wanasesere wa zamani. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, lakini walichokiuliza wenyewe sijakibadilisha. Namwomba msomaji asiiruke barua ya mwenzake kwa kudhani kwamba haimhusu, kwa sababu dawa inayomfaa mwanasesere wa kauri humwangamiza wa unga wa mbao, na watu wengi wameharibu mali zao kwa kufuata ushauri mzuri uliotolewa kwa mwili mwingine.

Fundi, shikamoo. Ninaishi Hamburg, ambako ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Katika soko la mitumba nimenunua mwanasesere mwenye urefu wa sentimita 58 hivi, kichwa chake cha kauri na mwili unaofanana na mti. Nyuma ya kichwa pana maneno “Armand Marseille, Germany, 390” na herufi A na M zenye namba katikati. Mikono na miguu imeachana na kiwiliwili, nikimtikisa kuna kitu kinacheza kichwani, na mahali pa macho ni matundu matupu. Pia ana ufa mwembamba kama unywele unaoanzia juu ya sikio. Nianzie wapi, na ufa huo niuzibe kwa gundi gani?
*Msomaji, Hamburg*

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuacha kumtikisa. Kinachocheza humo ndani ni macho yake mwenyewe, yaani vioo viwili vya mviringo vilivyounganishwa kwa waya, na chini yake chubwi ndogo ya risasi. Mwanasesere alipolazwa, uzito wa chubwi uliyageuza macho yakafumba, na aliposimamishwa yakafumbua. Mtambo huo ulishikizwa kwa jasi, na jasi ya miaka mingi kiasi hicho ikishapukutika, kila kitu huangukia ndani ya fuvu. Kila unapomtikisa, risasi inaigonga kauri kwa ndani, na sitashangaa ikiwa ule ufa wa juu ya sikio ulitokana na mgongano wa namna hiyo.

Mvue wigi kwa subira, ukianzia pembeni ambako gundi imeshakauka. Chini yake utakuta utosi uko wazi, umefunikwa kwa karatasi ngumu iliyokaa kama kawa. Inua kawa hilo, yatoe macho kwa vidole wala si kwa koleo, kisha uyaviringishie pamba. Ukimaliza kuishika ile chubwi, nawa mikono kwa sabuni, maana risasi ni sumu. Vilevile angalia kope za vioo hivyo: mara nyingi zilipakwa nta yenye rangi ya ngozi, na mtu anayeyasafisha macho kwa maji ya moto ili yang'ae huziyeyusha kope hizo zote, akabaki na mwanasesere anayelala akiwa amekodoa.

Alama uliyoisoma ni ya kiwanda kilichokuwa Köppelsdorf, karibu na mji wa Sonneberg katika jimbo la Thuringia, eneo lililolisha maduka ya dunia kwa vichezeo hata likawa na jumba lake la makumbusho ya vichezeo tangu mwaka 1901. Namba 390 ni ya kalibu ya uso, na ile iliyo kati ya A na M ni ya ukubwa. Neno “Germany” lipo kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai kwamba bidhaa zinazoingizwa nchini humo zitaje nchi zilikotoka. Uso wa 390 ulitengenezwa kwa miongo kadhaa na kwa wingi mkubwa, kwa hiyo umepata mwanasesere wa heshima lakini si wa nadra. Mimi naihesabu hiyo kuwa bahati kwa anayejifunza, kwa sababu vipuri vyake, macho ya saizi yake na hata vidole vya mikono bado vinapatikana katika masoko ya Ujerumani ulipo.

Sasa ufa. Ingia katika chumba chenye giza, uwashe tochi ndogo na kuiingiza kwa utosini. Kauri ya namna hii, ambayo haikupakwa mng'ao wa kioo, hupitisha mwanga, hivyo uso wote utawaka kama kandili, na kila penye ufa patakuwa na mstari mweusi. Fuata mstari huo polepole kwa jicho, kwa sababu mara nyingi ufa unaouona nje ni nusu tu ya ufa wenyewe. Ukiona pia madoa mazito yasiyopitisha mwanga, ujue kuna fundi aliyekutangulia, akajaza kitu na kukipaka rangi juu.

Ikiwa ufa hautembei, yaani ukibonyeza taratibu pande zake mbili hazisogei, basi usiutie gundi yoyote. Najua jibu hili haliridhishi. Lakini kichwa chenye ufa mwembamba uliotulia kinaweza kukaa hivyo maisha yako yote, ilhali supaglu hunyonywa na kauri, hugeuka manjano baada ya muda, na siku utakapompata fundi anayejua kazi atatumia siku nzima kuondoa msaada wako kabla hajaanza wa kwake. Kama pande zinasogea, gundi inayotumiwa katika majumba ya makumbusho ni ile iitwayo Paraloid B-72, ambayo huyeyushwa kwa asetoni na kwa hiyo inaweza kutolewa wakati wowote bila kuiumiza kauri. Kwangu mimi sifa hiyo ya kuweza kutolewa inashinda nguvu ya gundi yenyewe.

Uso unaweza kuusafisha kwa pamba yenye unyevu na tone la sabuni laini, kwa sababu nyusi, mashavu na midomo ya kichwa cha namna hii vilichorwa kisha vikachomwa tanuruni, na rangi iliyochomwa haitoki kwa maji. Ikianza kutoka, simama hapo hapo, maana hiyo si rangi ya kiwandani. Kiwiliwili hakiguswi kwa maji hata kidogo. Sababu yake utaisoma katika jibu linalofuata.

Kilichobaki ni kumwunganisha, na kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe mezani. Tafuta lastiki ya mviringo yenye unene wa milimita 3 hadi 4. Pindi la kwanza ni la mikono: huanzia katika ndoano ya mkono mmoja, hupita kifuani na kuishia katika ndoano ya mkono wa pili. Pindi la pili hushika ndoano ya mguu wa kushoto, hupanda hadi shingoni, huangikwa kwenye ndoano ya kichwa, kisha hushuka hadi mguu wa kulia. Mafundi humbana mwanasesere katikati ya mapaja, shingo ikielekea juu, wakaivuta lastiki kwa waya uliopindwa ncha kama ndoana ya samaki, na ni vema mtu wa pili akishike kichwa, kwa sababu lastiki ikikuponyoka wakati huo, kauri hujigonga shingoni kwa kishindo na habari yake ikaishia hapo. Katikati ya kichwa na tundu la shingo weka kipande chembamba cha ngozi laini ili kauri isisagane na mwili. Utajua kwamba umekaza ipasavyo ukiinua mkono wake nao ukabaki pale ulipouweka, bila kuanguka wala kuruka. Anayekaza mpaka mwanasesere asimame wima kama askari wa gwaride anaitafuta siku ya kununua kichwa kingine.

Macho ndiyo ningekushauri umpelekee fundi wa huko huko, kwa sababu kuyapanga katika jasi mbichi ili yafumbe na kufumbua kwa pamoja ni kazi ya mkono uliozoea. Mpaka siku hiyo, kichwa kikae wazi na macho yakae katika kikopo chake.

Ndugu Fundi, mama mkwe wangu amenikabidhi mwanasesere aliyeletewa kutoka Marekani alipokuwa mtoto. Nyuma ya kichwa pameandikwa “Shirley Temple”. Alikaa Mombasa kwa miaka mingi, nasi tumemleta Nairobi. Tangu afike uso wake umejaa nyufa ndogondogo kama ardhi ya kiangazi, na penye shavu rangi inabanduka. Nilitaka kumwosha kwanza, kisha nimtafutie rangi ya mafuta inayofanana. Je, ni sawa?
*Msomaji, Nairobi*

Dada yangu, usimwoshe. Nakuandikia kwa haraka ya mtu aliyekwisha kuosha.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii jirani aliniletea mwanasesere wa aina hiyo, mwenye vumbi tu na doa la chai kidevuni. Nilichukua kitambaa chenye sabuni nikampangusa kama ninavyompangusa mtoto uso. Kwa mpanguso wa kwanza doa lilitoka. Wa pili ulitoka na wekundu wa shavu, na nilipokigeuza kitambaa niliuona mdomo wa juu ukiwa umehamia humo, mzima, na umbo lake. Sikuwa na la kumwambia mwenyewe.

Wanasesere hawa, ambao waliuzwa kwa wingi Marekani tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya 1940, miili yao ilitengenezwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi na kushindiliwa katika kalibu, kisha ikapakwa rangi na vanishi juu. Kampuni ya Ideal ilianza kumtoa Shirley Temple mwaka 1934, wakati mtoto huyo alipokuwa akitamba katika sinema. Unga wa mbao ni mbao: hewa ikiwa na unyevu huvimba, ikikauka husinyaa, lakini koti la rangi lililo juu haliwezi kuufuata kwa kasi hiyo, na hatimaye hupasuka. Yule wako alizoea hewa nzito ya bahari, kisha ghafla akapandishwa bara. Nyufa ulizoziona ni gharama ya safari hiyo.

Hivyo lililo muhimu kwa sasa si rangi, bali utulivu wa hewa. Mweke mahali ambapo joto na ukavu havibadilikibadiliki, ndani ya sanduku la karatasi lililotandikwa kitambaa cha pamba kisicho na rangi. Usimweke juu ya friji, wala jikoni, wala katika kabati linaloegemea ukuta wa nje unaopigwa na jua la alasiri. Vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu usimrundikie, kwa kuwa shida yake si unyevu tena. Kumkausha zaidi kutaongeza nyufa. Vumbi litolewe kwa brashi laini ya kupakia poda, kavu kabisa, ukiyakwepa mashavu yanayobanduka. Vipande vilivyokwisha kuanguka viokote kwa kibanio na uvitie katika bahasha yenye tarehe, maana fundi wa makumbusho anaweza kuvirudisha mahali pake kimoja kimoja.

Na rangi ya mafuta sahau. Uso wenye nyufa zake mwenyewe bado ni wa mwanasesere aliyechezewa na mama mkwe wako. Ukishapakwa upya utakuwa ni wa aliyeupaka.

Fundi, mwanasesere wangu wa utotoni, wa plastiki laini, aliyenunuliwa miaka ya 1960, ananata mikono na miguu kana kwamba amemwagiwa asali. Masikioni palipo na hereni pameota rangi ya kijani. Nywele zimekuwa kama katani. Nimempaka poda ya watoto lakini mnato umerudi ukiwa umechanganyika na uchafu.
*Msomaji, Mombasa*

Pole, na samahani kwamba poda imekuongezea kazi. Plastiki hiyo ni vinaili, ambayo kwa asili yake ni ngumu. Kiwandani hutiwa kilainishi chenye asili ya mafuta ili iwe laini kama ngozi. Miaka inavyokwenda, na hasa katika joto la pwani, kilainishi hicho hutoka ndani na kukaa juu ya ngozi, nacho ndicho kinachonata. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, umkaushe vizuri na umweke mahali penye baridi kiasi na hewa inayopita. Usimfunge katika mfuko wa plastiki, na usimwache agusane na mwanasesere mwingine, maana kilainishi huhama na rangi huhama nacho. Mnato utarudi baada ya miezi kadhaa, nawe utamwosha tena. Hakuna njia ya kukirudisha ndani kilichokwisha kutoka.

Kijani cha masikioni ni kutu ya shaba. Hereni za miaka ile zilikuwa na shaba ndani, na shaba inapokutana na kile kilainishi hutoa rangi inayozama katika vinaili. Mwanasesere anayesumbuliwa sana na ugonjwa huu ni Barbie wa miaka ya mwanzo, aliyeanza kuuzwa mwaka 1959. Leo hii toa hereni zote mbili, hata kama ni za asili, uziweke kando. Kwa doa lenyewe wakusanyaji hupaka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksidi, wakaifunika kwa karatasi ya plastiki na kuiacha siku kadhaa. Krimu hiyo huondoa kijani kweli, lakini inaweza pia kufifisha rangi ya ngozi na kumwachia baka jeupe pembeni ya sikio, na ndiyo maana mafundi wa makumbusho hawaipendi. Ukiamua kuitumia, paka palipo kijani tu kwa kijiti cha pamba, usivuke mpaka, na uangalie kila siku. Mimi wa kwangu nimemwachia ukijani wake, nywele zinaufunika.

Nywele za katani zina tiba nzuri zaidi. Zilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, zipake dawa ya kulainishia nywele unayotumia mwenyewe, subiri robo saa, kisha chukua chanuo la meno mapana na uanzie nchani, ukipanda kidogo kidogo kuelekea kichwani. Anayeanzia kwenye shina huling'oa fungu zima pamoja na tundu lake. Usitumie pasi wala kifaa cha kukaushia, kwa kuwa nywele hizo nazo ni plastiki.

Asalamu alaykum. Mama yangu alinunuliwa wanasesere wawili utotoni. Mmoja, wa plastiki ngumu kutoka Uingereza, ananuka siki na anatoka jasho. Wa pili ni mwepesi sana kama ganda la yai, na mgongoni ana alama ya kobe. Wote wanakaa katika sanduku moja. Je, nimwoshe huyo mwenye siki?
*Msomaji, Maskati*

Wa alaykum salam. Kabla ya lolote watenganishe, leo hii.

Huyo wa siki, siki yenyewe ndiyo maradhi yake. Baadhi ya wanasesere wa plastiki ngumu waliotengenezwa Uingereza miaka ya 1940 na 1950 walifanywa kwa selulosi asetati, ambayo ikizeeka katika joto na unyevu huvunjikavunjika na kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo huharakisha uharibifu wenyewe, huozesha nguo, hutia kutu ndoano, na mvuke wake huwaambukiza walio jirani. Tiba hakuna, na kumwosha hakusaidii kitu. Mvue nguo, umweke peke yake mahali penye baridi na hewa, asifungiwe, na umpige picha nzuri sasa akiwa bado na umbo.

Wa kobe ni wa seluloidi, plastiki ya zamani, kutoka kiwanda cha Mannheim, Ujerumani, ambacho alama yake ndiyo hiyo. Ukimsugua kidogo kwa kidole mpaka apate joto, utasikia harufu ya karafuumaiti, kwa sababu karafuumaiti ilitiwa katika seluloidi ili ilainike. Seluloidi huwaka upesi mno. Asikae karibu na mshumaa, chetezo, taa ya moto wala dirisha la jua kali, na kamwe asichomwe sindano ya moto ili kuziba kishimo, jambo ambalo nimewahi kuona likipendekezwa. Naye apate sanduku lake lenye matundu ya hewa. Kibonyeo kama anacho, kiache.

Mheshimiwa Fundi, kwetu ni Uzaramoni. Bibi mzaa mama ameacha mwana hiti wa mti, mweusi wa kung'aa, mwenye ushanga shingoni. Chini yake tunakuta unga mweupe, na kuna vitundu kama vya sindano. Mjomba anataka kumpiga msasa na vanishi ili awekwe sebuleni. Je, mwana hiti naye anahesabiwa mwanasesere?
*Msomaji, Kisarawe*

Swali lako la mwisho ndilo zuri, nami nitalijibu kwanza. Wageni waliowachukua kwenda nao Ulaya waliwaandika katika orodha zao kama wanasesere, kwa kuwa ni wadogo, wana kichwa na kiwiliwili, na walibebwa na wasichana. Lakini mwana hiti si kichezeo. Ni wa mwali aliyewekwa ndani, aliyemtunza kama mtoto, akampaka mafuta, na ana miiko yake ambayo wanaoijua ni kina mama waliomfunda. Kwa hiyo, kabla ya kuniuliza mimi habari za vanishi, muulizeni bibi mkubwa aliyebaki katika ukoo kama inafaa awekwe sebuleni.

Ama kuhusu msasa, jibu ni hapana, na mwambie mjomba kwa heshima zote. Ule weusi unaong'aa si uchafu wala rangi. Ni mafuta na mikono ya wanawake wa vizazi kadhaa, na msasa huuondoa kwa dakika tano. Vanishi nayo hufunga matundu huku mdudu akiwa ndani.

Mdudu lazima kwanza ajulikane kama yu hai. Mpanguse kwa brashi kavu, msimamishe juu ya karatasi nyeusi kwa muda wa wiki mbili na usimguse. Ukikuta unga mpya, mweupe na mkavu kama wa muhogo, basi bado analiwa. Mviringishie kitambaa cha pamba, mtie katika mfuko wa plastiki, utoe hewa, uufunge kabisa, kisha umweke katika friza yenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Akitoka, mfuko usifunguliwe mpaka siku ya pili, ili umande uingie juu ya plastiki na si juu ya mti. Dawa ya kunyunyizia wadudu isitumike, kwani huacha madoa na huharibu uzi wa ushanga. Njia hii ya friza inafaa mti na nguo. Tafadhali msomaji wa Hamburg na yule wa Nairobi wasiijaribu kwa wale wao.

Fundi, nina mtoto wa kitambaa aliyeshonwa na nyanya kwa vipande vya kanga na kujazwa sufi. Ana madoa ya ukungu. Nimtie katika mashine?
*Msomaji, Unguja*

Usimtie. Sufi ikilowa hushikana mabonge, na mabonge hayo hayafumuki tena. Pia vipande vya kanga tofauti havina rangi za uimara mmoja, na wekundu wa kimoja utakwenda kulala juu ya weupe wa kingine. Mtoe nje siku ya ukavu, kivulini penye upepo, kwa saa chache. Ukungu ukishakauka upanguse kwa brashi laini ukiwa umefunga pua na mdomo. Doa litakalobaki libaki. Ikiwa mshono umeachia, ushone kwa uzi wa pamba ukipitia matundu yale yale ya sindano ya nyanya yako, usitoboe mapya.

Fundi, nikimkarabati mwanasesere wangu wa kauri bei itapanda?
*Msomaji, Dodoma*

Mara nyingi itashuka. Mnunuzi anayejua atamwingiza tochi utosini kama nilivyoeleza, na akikuta rangi mpya atajiuliza inaficha nini. Lastiki mpya, nguo zilizofuliwa kwa uangalifu na macho yaliyorudishwa mahali pake havimpunguzii thamani. Uso uliopakwa upya humpunguzia sana.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tatu. Mkono wa mtoto wangu wa plastiki umechomoka begani na hauingii tena. Kaka anasema nimtupe. Je, kuna hospitali ya wanasesere?
*Mwanafunzi, Tanga*

Marahaba, mjukuu wangu. Hospitali zipo kweli. Iko moja katika mji wa Lisbon, nchini Ureno, ambayo imekuwa ikiwatibu wanasesere tangu mwaka 1830, na nyingine katika mji wa Napoli, Italia, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na bwana mmoja aliyeitwa Luigi Grassi. Lakini wako hahitaji kupanda ndege. Mwambie mama au dada mkubwa akutilie maji ya moto katika bakuli, wewe usiyashike. Auzamishe ule mkono upande wa begani, ile sehemu yenye ukingo mnene, kwa dakika mbili au tatu mpaka plastiki ilainike. Kisha aukaushe haraka kwa taulo, aukunje ule ukingo kidogo na kuusukuma katika tundu la bega huku akiuzungusha. Utausikia ukiingia. Mwache apoe kabisa kabla hujamvalisha nguo.